Akodi moja, noti tatu: kwa nini kinanda cha Kanyaruchinya kisigawanywe

Maneno ya timu yetu ya uwanjani mbele ya familia zilizohama, familia zinazozipokea na viongozi wa Kanyaruchinya, teritwari ya Nyiragongo, Kivu Kaskazini

Tunawashukuru kwa kuacha kazi zenu asubuhi hii. Tunajua kuna mama hapa ambaye angekuwa sokoni na makaa yake, na baba ambaye angekuwa barabarani akisukuma chukudu. Kwa hiyo hatutarefusha maneno.

Tumewaita kwa jambo linaloonekana dogo, nalo ni habari ya kinanda. Wote mnakijua. Hapa tunakiita piano, ingawa ni kinanda cha umeme chenye vitufe 61, kile ambacho watoto na vijana wenu wamekuwa wakijifunzia akodi. Hivi karibuni baadhi yenu mlituletea pendekezo. Lilisema hivi: siku tatu za wiki kinanda kiwe cha watoto wa wakimbizi wa ndani, siku tatu kiwe cha watoto wa wenyeji. Na wale waliorudi Kibumba, ambao vijana wao hushuka huku Jumamosi pamoja na magari ya mboga, wangoje mpaka apatikane mfadhili wa kuwapa kinanda chao.

Waliolileta pendekezo hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wamechoka na maneno ya kila siku: nani alitangulia, nani alikaa muda mrefu, mtoto wa nani alisukumwa. Kugawa kunaonekana kuwa njia fupi ya kumaliza kelele. Leo tunataka kuwaeleza kwa nini tunawaomba msilikubali. Hatutatumia maneno makubwa ya semina. Tutaeleza tu kile ambacho watoto wanajifunza mbele ya kinanda hicho, hatua kwa hatua, kisha nyinyi wenyewe mtaamua.

Mahali tulipo

Jina la Kanyaruchinya linajulikana mbali kuliko ukubwa wake. Mwaka 2012 maelfu ya familia kutoka Rutshuru zilijenga vibanda vya turubai juu ya mawe haya ya volkano. Novemba mwaka ule, vita vilipokaribia na M23 kuingia Goma tarehe 20, kambi ilimwagika barabarani. Watu walishuka na magodoro kichwani kuelekea mjini na Mugunga. Mwaka 2022 barabara ya Rutshuru ilijaa tena, na Kanyaruchinya ikawa kambi kwa mara nyingine. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23, na Februari kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa.

Baadhi yenu mlirudi makwenu, Kibumba, Rugari, Kiwanja na kwingineko. Wengine mlikuta nyumba imeanguka au shamba lina mtu mwingine anayelilima, mkarudi huku. Mmepanga chumba, au mnalala kwa ndugu, au mnakaa na familia ambayo si ndugu zenu ila iliwafungulia mlango. Na wenyeji nao wanajua kukimbia. Mlima Nyiragongo ulipasuka tarehe 17 Januari 2002, ukapasuka tena tarehe 22 Mei 2021, na wengi hapa walibeba watoto usiku bila kujua waelekee wapi. Ndiyo maana tunasema kwamba maneno "mwenyeji" na "mkimbizi" katika nchi hii ni maneno ya zamu. Leo ni langu, kesho ni lako.

Mzee mmoja alituuliza waziwazi: "Mtoto wangu alilala bila kula, nanyi mnamfundisha piano?" Swali hilo ni la haki na tunalijibu mbele ya wote. Kinanda hakishibishi mtu. Kilitolewa kama zawadi kwa kazi hii, na hakuna mfuko wa unga uliopunguzwa kwa ajili yake. Wanaoshughulika na chakula, maji na afya waendelee kusukumwa, na sisi tutawasukuma pamoja nanyi. Lakini mtoto mwenye njaa bado ni mtoto. Ana akili inayotaka kazi, na ana majirani ambao lazima aishi nao kesho na keshokutwa. Darasa hili linagusa mambo hayo mawili.

Mtoto anaanzia wapi

Kinanda kinatisha kwa wingi wa vitufe vyake, lakini siri yake ni ndogo. Vitufe vyeusi vimepangwa kwa makundi: viwili, halafu vitatu, halafu viwili tena. Kitufe cheupe kilicho kushoto kabisa mwa vile viwili vyeusi ndicho do. Mtoto akishajua hilo, amejua do zote sita za kinanda chetu kwa mara moja. Akitembea kwenda kulia juu ya vitufe vyeupe anapata re, mi, fa, sol, la, si, kisha do nyingine. Kutoka do hadi kufikia do inayofuata kuna noti 12 tofauti: saba nyeupe na tano nyeusi. Baada ya hapo zinarudia.

Kutoka kitufe kimoja hadi jirani yake wa karibu kabisa, awe mweupe au mweusi, ni nusu hatua. Nusu hatua mbili ni hatua nzima. Kati ya do na re kuna kitufe cheusi, kwa hiyo ni hatua nzima. Kati ya mi na fa hakuna cheusi, kwa hiyo ni nusu hatua. Na kati ya si na do ni vivyo hivyo. Mtoto wa miaka tisa anaelewa jambo hili kwa saa moja.

Kwa kuwa kinanda ni kimoja na watoto ni wengi, kila mmoja huchora kibao chake juu ya karatasi ngumu ya sanduku. Kitufe cheupe kina upana wa zaidi kidogo ya sentimita 2, hivyo kipande cha sentimita 35 kinatosha kuchora do tatu na vitufe vyote vilivyo kati yake. Vitufe vyeusi vinapakwa makaa. Mtoto anafanya mazoezi ya vidole nyumbani bila sauti, akitaja noti kwa mdomo, na anapofika kwenye kinanda vidole tayari vinajua njia. Hii si aibu ya umaskini. Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ilianza na vyombo vichache sana, na wanamuziki wake walipokezana kimoja baada ya mwingine. Leo inajulikana duniani.

Akodi ni nini

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mtoto anaweka kidole gumba juu ya do, kidole cha kati juu ya mi, kidole kidogo juu ya sol. Anabonyeza vyote kwa pamoja. Hiyo ni akodi ya kwanza.

Tukiwaacha wachezee wenyewe, watoto hugundua mambo mawili. La kwanza: wakibonyeza wote watatu do tu, kila mmoja do yake, sauti inakuwa kubwa lakini akodi haipo. La pili: wakibonyeza do, re na mi kwa pamoja, noti zinabanana na sikio linakunja uso. Akodi ya kwanza tunayowafundisha inatokea pale noti zinapokuwa tofauti na kila moja inapopata nafasi yake. Kutoka do hadi mi ni nusu hatua nne, kutoka mi hadi sol ni tatu. Akodi ya namna hiyo wanamuziki huiita meja, nayo inasikika imesimama wima. Mtoto akibonyeza la, do na mi, mpango unageuka: tatu kwanza, halafu nne. Hiyo huitwa maina, na sauti yake ni ya upole, mara nyingi ya majonzi. Ni noti za vitufe vilevile vyeupe; kilichobadilika ni umbali kati ya jirani na jirani.

Wazee wetu mnaojua Kifaransa mmeshaona jambo fulani. Neno "akodi" limetoka kwenye "accord", na "accord" ni neno lilelile tunalosikia redioni kila vita vinapojadiliwa mezani. Tumelisikia mara nyingi. Kulikuwa na ahadi za Goma Januari 2008, mkataba wa Addis Ababa Februari 2013, maazimio ya Nairobi Desemba 2013, na mkataba wa Washington Juni 2025. Hatukuja kuhukumu mikataba hiyo. Tunachotaka kusema ni kwamba neno hilo limechoka masikioni mwenu, na mna sababu. Lakini mtoto anayelisikia kwa mara ya kwanza mbele ya kinanda analielewa kwa njia nyingine. Kwake yeye "accord" ni kitu ambacho watu watatu wanakifanya kwa vidole vyao, kwa wakati mmoja, na kama mmoja ameondoa kidole kila mtu anasikia.

Nani anasogea, nani anabaki

Akodi moja haifanyi wimbo. Lazima kutoka akodi moja kwenda nyingine, na hapa ndipo ilipo elimu kubwa ya upatanisho wa sauti.

Nyimbo nyingi sana za kwaya zetu, na nyimbo nyingi za rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandika kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi Desemba 2021, zinasimama juu ya akodi tatu: ya kwanza, ya nne na ya tano. Tukianzia do, hizo ni do-mi-sol, fa-la-do na sol-si-re. Mwanafunzi mgeni huruka kwa mkono mzima: anang'oa vidole vyote kutoka do-mi-sol na kuvitupa juu ya fa-la-do. Inawezekana, lakini inasikika kama mtu anayehama nyumba kila siku.

Mwalimu anamwonyesha njia bora. Kwanza tafuta noti iliyomo katika akodi zote mbili. Kati ya do-mi-sol na fa-la-do, noti ya pamoja ni do. Basi do ibaki palepale. Mi isogee nusu hatua tu, iwe fa. Sol isogee hatua moja, iwe la. Sasa una do-fa-la, akodi ya nne, na mkono haukuruka. Kutoka do-mi-sol kwenda akodi ya tano, noti ya pamoja ni sol. Sol ibaki. Do ishuke nusu hatua iwe si, mi ishuke hatua moja iwe re. Una si-re-sol. Mkono wa kushoto unapiga noti moja ya chini inayobeba zote: do, fa, sol, na mwisho do.

Katika darasa letu mtoto mmoja hafanyi zoezi hili peke yake. Watoto watatu wanakaa mbele ya kinanda, kila mmoja kwa kidole kimoja, kila mmoja akishika noti yake. Wa nne anapiga noti ya chini. Mwalimu anasema, "Ya nne!" Mwenye do anabaki, wenzake wawili wanasogea. Mwalimu anasema, "Ya kwanza!" Wanarudi. Anasema, "Ya tano!" Sasa ni mwenye sol anayebaki, na yule mwenye do, aliyekuwa amezoea kutulia, ni lazima asogee. Watoto hucheka hapo, kwa sababu mwenye do mara nyingi husahau.

Wazee, tunaomba mlitazame jambo hilo kidogo. Hakuna noti inayobaki mahali pake siku zote, na hakuna noti inayotakiwa kuhama kila mara. Zamu inategemea wimbo unakokwenda. Na anayesogea hapelekwi mbali. Anasogea kidogo, kiasi tu cha kuwawezesha wote kuwa akodi mpya. Tunawafahamu watu wazima wenye heshima ambao wangefaidika na zoezi hili.

Noti zinazosuguana

Watu wengine hudhani upatanisho wa sauti ni utamu mtupu. Si hivyo. Tukiongeza fa juu ya sol-si-re, tunapata noti nne ambazo hazitulii. Fa na si zinavutana, fa na sol zinasuguana. Mtoto akiishia hapo, kila mtu chumbani anangoja. Kisha fa inashuka nusu hatua iwe mi, si inapanda nusu hatua iwe do, re inaingia do, na sol inabaki. Msuguano umepata njia ya kutokea.

Mwalimu hafichi noti hizo wala haziiti mbaya. Anawafundisha watoto zilipo, zinavuta kuelekea wapi, na wasiziache zikining'inia. Katika kazi yetu ya ujenzi wa amani tumekutana na familia nyingi zilizoambiwa zinyamaze kuhusu shamba au deni ili "amani iwepo". Ukimya huo haujamaliza ugomvi. Ugomvi unaotajwa, ukasikilizwa na kuonyeshwa njia ya kutoka, una nafuu kuliko ule unaofunikwa.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa piano wanalijua na wasikilizaji wengi hawalijui. Katika kinanda cha leo noti 12 zimepangwa kwa umbali sawa. Ili jambo hilo liwezekane, karibu kila noti imekubali kuondolewa kidogo mahali ambapo sikio lingependa iwe. Umbali wa do hadi mi kwenye kinanda ni mpana kidogo kuliko ule ambao waimbaji wazuri huimba bila chombo. Umbali wa do hadi sol umebanwa, ingawa ni kwa kiasi kidogo sana. Faida yake ni kwamba unaweza kuanza wimbo kwenye noti yoyote kati ya hizo 12 na bado ukapendeza. Kama kinanda kingetengenezwa kikamilifu kwa ajili ya do peke yake, anayeanzia kwenye baadhi ya noti nyingine angesikia makelele.

Muziki peke yake hautoshi

Tusingependa mwondoke hapa mkidhani tunasema kwamba anayejua akodi ni mtu wa amani. Hapana. Ng'ambo ya mpaka wetu, mwanamuziki Simon Bikindi alikuwa na jina kubwa Rwanda, na nyimbo zake zilipigwa sana redioni. Tarehe 2 Desemba 2008 mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 15 kwa kosa la kuchochea mauaji ya kimbari, kwa sababu ya maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti barabarani mwaka 1994. Kipaji chake cha muziki hakikumzuia.

Kwa hiyo kinanda hakijui kama maneno yaliyowekwa juu ya akodi ni ya baraka au ya matusi. Do-mi-sol itayabeba yote mawili. Watu ndio wanaochagua: nani anakaa karibu na nani, na maneno gani yanaimbwa. Hapo ndipo pendekezo la kugawa siku linapotutia wasiwasi.

Kitakachopotea tukigawa

Tuseme kweli. Mkigawa siku, kila kundi litajifunza akodi zilezile. Watoto wa waliohama watajua fa-la-do, na watoto wa wenyeji watajua fa-la-do. Ukiwapa mtihani watapata alama sawa. Kelele za foleni nazo zitapungua. Hatuyakatai hayo.

Lakini tazameni darasa hili linasimama juu ya nini. Betri na paneli ya jua ni mali ya familia mwenyeji, iliyokubali kuzitoa saa mbili kwa siku bila malipo. Mwalimu ni kijana aliyekimbia Kiwanja, aliyejifunza kinanda kwenye kwaya ya kanisa lake. Chumba ni cha watu wa hapa. Karatasi ngumu za vibao huletwa na mama mmoja aliyehama anayeuza sabuni sokoni. Mboga wanazokula watoto siku ya Jumamosi zinashuka na vijana wa Kibumba. Ondoa upande mmoja, na darasa halipo.

Tazameni pia siku ya mtoto ilivyo. Anaamka katika nyumba ya watu wa lugha yake. Anakwenda kwenye kwaya ya watu wa kwao. Kwenye bomba la maji anaambiwa, "Ninyi mliokuja, ngojeni", au kule alikorudi anaambiwa, "Ninyi mliokimbia, mlituacha". Ni wapi katika wiki yake yote anakaa bega kwa bega na mtoto wa upande mwingine, akitakiwa kumsikiliza ili kazi yake mwenyewe isiharibike? Tumetafuta mahali pengine kama hapo katika mtaa huu na tumepata pachache.

Hatusemi kwamba watoto hao wameacha kugombana. Wanagombana. Lakini wanagombana kwa majina yao, na hilo ni tofauti na kugombana kwa majina ya vijiji vyao. Na tumeona mvulana mgeni akiambiwa bombani arudi kwao, na wasichana wawili wa hapa, wanaopiga naye akodi, wakaenda kusimama naye kwenye foleni mpaka dumu lake likajaa. Hakuna aliyewatuma.

Ombi letu

Kwa hiyo, badala ya kugawa siku, tunawaletea mapendekezo haya, myajadili katika mitaa yenu:

1. Kinanda kibaki kimoja na darasa liwe moja. Foleni ifuate daftari la majina. Daftari liandike jina na umri tu, lisiandike kabila wala kijiji cha asili.

2. Kila kikundi cha watoto watatu kichanganywe, na watoto wabadilishane noti kila wiki, ili asiwepo anayeshika do daima.

3. Ufunguo wa sanduku la kinanda ushikwe na kamati ya watu watatu: mama mmoja wa familia zilizohama, mzee mmoja mwenyeji, na msichana mmoja aliyechaguliwa na vijana. Kinanda kisitoke bila wote watatu kujua.

4. Maneno ya kila wimbo mpya yasomwe kwa sauti mbele ya kamati kabla ya kuwekewa akodi. Wimbo unaodharau watu wowote usipigwe kwenye kinanda hiki.

5. Darasa lifungwe saa tisa alasiri, ili wasichana wafike nyumbani mapema na wasaidie kazi kabla ya giza.

6. Kila mtoto awe na kibao chake cha karatasi na daftari lake la akodi. Familia ikirudi kwao, mtoto aondoke navyo.

7. Kama kinanda cha pili kitapatikana, kiende Kibumba kama mlivyoomba. Lakini huko nako kiwe na darasa moja kwa wote: waliobaki wakati wa vita, waliorudi na waliofika karibuni.

Juu ya pendekezo la sita tunaongeza neno moja kwa wazazi. Mnajua kwa uchungu mwingi ni vitu gani vinabaki mtu anapokimbia usiku. Godoro linaachwa, mbuzi anaachwa, na kinanda hiki nacho kinaweza kuachwa au kuporwa siku moja. Mtoto anayejua kwamba do inabaki wakati mi inakwenda fa atakwenda na jambo hilo popote, na atakapokuta kinanda kingine, kanisani au shuleni, Rutshuru au Kampala, ataketi na kuanza. Na atakumbuka alijifunza na nani.

Viongozi wetu, uamuzi tunauacha kwenu. Tunaomba kila mtaa ukae, usikilize akina mama na vijana, halafu ulete jibu lake katika mkutano wetu ujao. Mkikubali, kamati ya ufunguo inaweza kuchaguliwa siku hiyohiyo. Mkiwa na njia bora kuliko hii yetu, tutaisikiliza, na tuko tayari nasi kusogea hatua moja.

Kabla hamjaondoka, watoto wanne wameomba wawapigie akodi tatu mlizozisikia zikielezwa. Tumewaomba wasitaje wametoka wapi. Sikilizeni tu, na mjaribu kutambua ni noti ipi inabaki.